Mpishi wa Ukutani

Siku hiyo ilianza kwa ubishi wa rangi. Chumvi alitaka mgahawa wake uwe mwekundu kila pembe, eti nyekundu inaamsha njaa. Dada yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kalamu kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchora mabango na nembo, alimwambia kuwa nyekundu kila pembe ni bucha, si mgahawa.

"Dada, mgahawa ni wangu."

"Na macho ya wateja ni yangu. Nenda kakatekate vitunguu huko."

Wakacheka. Duniani walibaki wao wawili tu. Mama yao alifariki Chumvi akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo uliombeba ulikuwa wa Kalamu. Miaka nenda miaka rudi Chumvi alipika katika majiko ya watu na kutukanwa humo humo. Sasa amepata ukumbi wake, na Kalamu alikuwa ameapa kwamba mgahawa wa mdogo wake hautafanana na mwingine wowote mjini.

Mwenye nyumba, mzee mpole wa kutembelea fimbo, aliwapa sharti moja: wapake watakavyo, lakini plasta ya ukuta wa nyuma wasiibandue. Kalamu aliitikia "sawa, baba" kwa adabu zote, na moyoni alishaamua lake. Watu siku hizi wanapenda kula wakitazama matofali matupu. Mzee alipoondoka tu, akamwita fundi plasta, mtu wa mizaha isiyokwisha, wakaibandua.

Chini ya plasta kulikuwa na mwanamke.

Alichorwa kwa rangi ya mafuta: mpishi mnene, kilemba cheupe, mwiko mkononi, mashavu yameinuka kama ya mtu anayecheka. Macho yake yalikuwa na uhai ambao Kalamu, pamoja na ufundi wake wote, hakuwahi kuufikia, na alimwonea wivu aliyeyachora. Ila mdomo haukuwepo. Mahali pake palichimbwa kwa tindo mpaka ndani ya tofali, kisha pakazibwa kwa sementi.

"Huyu alimchosha mtu kwa maneno," fundi alisema. "Mke wangu ningemziba hivi hivi, basi tu namwogopa."

Kalamu hata hakumsikia. Alikuwa ameshanasa. Nembo ndiyo hii, alijiambia. Lakini mgahawa gani unakaribisha watu kwa sura isiyo na mdomo? Mchoraji akiona nafasi tupu mkono unamwasha, na wa Kalamu ulimwasha kuliko wa wengi. Akaichokoa sementi yote, akalisawazisha shimo, akamchorea mpishi mdomo mpana uliofunguka, midomo minene, meno yote nje. Kisha akaupiga picha uso mzima, akausafisha kwenye kompyuta na kuupeleka kila mahali: bango la mlangoni, menyu, aproni. Aliporudi nyuma kuutazama ukuta, alijisifu bila aibu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Aproni zilifika kutoka kwa mchapaji siku moja kabla ya ufunguzi, mchana kweupe. Uso wa mpishi ulikaa tumboni, mkubwa, unacheka. Chumvi alijifunga yake akaingia jikoni kujaribu mchuzi wa kesho. Fundi plasta, aliyekuwa akiziba nyufa karibu na mlango, naye akajifunga moja, akaokota sinia tupu na kutembea kwa madaha katikati ya meza mpya.

"Karibuni wateja! Leo chakula ni mimi!"

Kalamu alikuwa akicheka alipoona kitu kwenye ukuta. Mdomo wa mpishi ulikuwa umelowa. Rangi ilikuwa imekauka siku nyingi. Akaugusa. Kidole kilirudi na ute, na ute ulikuwa wa vuguvugu.

Mwenye nyumba akaingia wakati huo huo, amekuja kuwapongeza. Akatazama ukuta. Fimbo ikamponyoka.

"Nani kampa mdomo?" alinong'ona.

"Mimi, baba. Nilifikiri tu..."

"Ameshakula leo?"

"Nani?"

"Baba yangu alimchoresha kwa mganga, ili wateja wasikauke." Mzee aliutazama mlango wa jikoni. "Sharti ni alishwe yeye kwanza, kabla mtu hajaonja chochote. Siku moja walisahau, akala mtu, ndipo wakamziba. Mwanangu, kuna mtu ameonja chakula humu?"

Sauti ya Chumvi ikatoka jikoni, imejaa furaha. "Dada, njoo uonje! Mimi nimeshindwa kuacha!"

Sinia likaanguka.

Fundi alikuwa amesimama, ameshika tumbo. Kalamu alidhani bado anatania. Kisha akaona damu. Aproni ilikuwa inatafuna. Kitambaa kilijikunja kuelekea ndani, mdomo uliochapwa ukafunguka na kufumba, ukafunguka na kufumba, na kila ulipofumba ubavu ulivunjika. Damu iliruka mpaka kwenye menyu. Fundi akapiga ukelele. Wa pili haukutoka. Alianguka kifudifudi, na chini yake kutafuna kuliendelea.

"Dada!"

Kalamu alikimbia. Chumvi alikuwa ameegemea meza ya jikoni, mikono yote miwili imeng'ang'ania kitambaa, akikivuta. Hakikutoka. Kalamu akanyakua kisu cha nyama. Akakata kamba. Aproni haikuachia. Ilining'inia kwa meno. Akakipitisha kisu kati ya kitambaa na mwili wa mdogo wake. Alijua anakata nini. Akakata. Chumvi alilia kilio ambacho Kalamu anakisikia hadi leo akifumba macho. Kitambaa kikatoka na pande la nyama, naye akakitupa motoni. Kikalia kwa sauti ya mwanamke.

"Mzibe!" mzee alipiga kelele kutoka ukumbini. "Mzibe mdomo!"

Kalamu akachukua nyundo na tindo za marehemu. Akapiga. Meno yalivunjika kama mfupa, si kama rangi. Akapiga tena. Macho yale mazuri yalikuwa yanamtazama bila hasira, kwa njaa tu. Mkono ulipoteleza ukaingia ndani, na mdomo ukafumba. Vidole vyake vya kuchorea vilibaki humo. Hakusimama kuvililia. Kwa mkono uliobaki aliibeba sementi mbichi ya fundi, akaishindilia shimoni, akaishindilia, mpaka ukuta ukanyamaza.

Askari waliandika kwamba ni mbwa. Fundi alizikwa katika jeneza lililofungwa. Bango, menyu na aproni vilichomwa, na mgahawa haukufunguliwa kamwe. Kalamu hakulalamikia vidole. Mdogo wake yuko hai, na hilo lilimtosha kabisa.

Hospitalini Chumvi alikonda. Alikunywa uji wote aliopewa, akasema ameshiba, na bado alizidi kukonda. Asubuhi moja muuguzi alikuja kubadilisha bandeji, akafunua shuka, akasita.

"Bandeji ya jana iko wapi?"

"Sijaigusa," Kalamu alisema.

Haikuwepo kitandani. Haikuwepo sakafuni. Jeraha lilikuwa wazi juu ya tumbo, halina usaha wala damu, kingo zake zimenona na kulowa. Muuguzi alisogeza pamba. Mara akaurudisha mkono kifuani.

"Limenivuta," alinong'ona.

Chumvi alikuwa usingizini, midomo imefumba. Kalamu aliutazama uso ule aliokuwa akiupangusa machozi tangu utotoni, mifupa imetokeza mashavuni. Aliogopa kufa. Lakini aliogopa zaidi kubaki peke yake. Akamwomba muuguzi atoke, akavuta pazia, akachukua bakuli la uji wa asubuhi hiyo ambalo mdogo wake alikuwa hajaligusa.

"Wewe kwanza," akasema kwa sauti ya chini, akainamisha kijiko kuelekea jeraha.

Chumvi alipona, akanenepa, na sasa anapika nyumbani kwao. Ni mkarimu na mcheshi kama zamani, ila haonji kitu mpaka wawe wamejifungia chumbani yeye na dada yake. Na ukialikwa pale, utapewa kijiko. Vijiko vyote katika nyumba ile vimeng'atwa ncha.