Kanda ya Peke Yako

Foleni ya benki ilikuwa imepinda mpaka mlangoni, watu wamenuna kama waliodhulumiwa urithi, pale redio ndogo ya mlinzi ilipoachia wimbo wa mwaka tisini na nane. Msusi, ndani ya gauni lake la maua ya njano, akajisahau akaimba. Nyuma yake sauti nzito ikakidaka kiitikio bila kukosea hata pumzi.

"Dada, kumbe wewe wa enzi zetu!" Shati la krimu, suruali imepigwa pasi ya kukatia nyanya. Alikuwa fundi redio.

"Enzi zipi? Mimi binti mdogo."

"Binti mdogo hajui ubeti wa tatu."

Msusi akacheka mpaka zamu yake ikampita. Alipofika dirishani, namba ya simu alikuwa ameshaitoa.

Miezi mitatu mapenzi yakanoga. Kila jioni simu: "Malkia wangu wa zilipendwa, umekula?" Naye: "Nimekula, mfalme wa nyaya." Wakakumbushana albamu walizozihangaikia: kidole juu ya kitufe cha kurekodia, unamwomba Mungu mtangazaji asiropoke katikati ya wimbo, kuzungusha kanda kwa kalamu ili betri zisiishe.

Siku moja Fundi akamletea kanda yenyewe. Aliirekodi akiwa kijana, kinasa sauti amekiegemeza kwenye redio ya sebuleni, na katikati ya wimbo wa tatu mama yake, sasa marehemu, anasikika akifoka: "Funga bomba!"

"Iko moja tu duniani," alimwambia. "Nilikuwa namsubiri wa kumpa."

Msusi, mwenye miaka arobaini na miwili na jibu kwa kila mwanamume, siku hiyo alijibu kwa machozi. Akakubali Fundi aende Jumamosi na wazee wake kwa shangazi aliyemlea, akatoe posa.

Alhamisi saluni ilifurika, umbea unachemka kuliko maji ya kuchovyea nywele. Kitini alikuwa Nesi, mteja mpya mwenye utani mwingi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio. Redioni ukaja wimbo uleule wa tatu wa kwenye kanda. Saluni nzima ikaimba. Nesi naye, macho kayafumba, akafika katikati ya ubeti akapaza:

"Funga bomba!"

Vidole vya Msusi vikaganda.

"Umesema nini, dada?"

"Aa, mazoea tu! Kanda yangu ina mama anafoka hapohapo. Kanipa mchumba wangu mwezi uliopita. Iko moja tu duniani, mwenzangu!"

"Mchumba wako fundi redio?"

"Heh! Unamjua?"

Mama aliyekuwa chini ya draya akaizima mwenyewe, asipitwe. Msusi akapiga simu, akaweka spika.

"Malkia wangu wa zilipendwa!" sauti nzito ikajaa chumba. "Umekula?"

"Malkia si mimi?" Nesi akanong'ona, kiganja mdomoni.

"Mpenzi," Msusi akauliza kwa upole wa kutisha, "ile kanda ya mama yako umeitoa kopi ngapi?"

"Nani... nani kakuambia?"

"Niko naye hapa. Nimemshika kichwa."

Haikupita nusu saa Fundi akaingia anahema, shati limechomoka, kola imelowa jasho.

"Sikiliza, mpenzi, ninayempenda ni wewe. Yule ni..." Akamwona Nesi kwenye kioo.

"Malizia," Nesi akasema. "Yule ni nani?"

Msusi akaweka kitana chini.

"Wanawake ningekusamehe, pengine, nikishakutukana nikachoka. Lakini umemtoa mama yako kaburini ukamfanya chambo! Nimemlilia mama yule. Mtu sijawahi hata kumwona!"

"Nipe Jumamosi tu, nije nieleze mbele ya wazee."

"Ondoka mlangoni. Umenizibia mwanga."

Akaondoka. Nesi akainuka kufuata pochi yake, uso umemshuka.

"Keti," Msusi akamwambia. "Hutoki kwangu na kichwa nusu."

Akamsuka hadi msuko wa mwisho, mistari imenyooka, wala hakumvuta. Hakuna aliyeimba. Nesi alitoa machozi kimyakimya, na mama wa draya akampitishia leso bila kuuliza, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa mama yule.

Simu ikalia. Shangazi.

"Mwanangu, vitambaa vya viti nimeshavifua, vinaning'inia. Hao wageni wa Jumamosi wangapi?"

Msusi akajikaza.

"Hawaji tena, shangazi."

Upande wa pili kiti kikasikika kikivutwa.

"Basi njoo wewe," shangazi akasema. "Kwani nilifua kwa ajili yao?"