Karatasi Mbili za Irakoze

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, ubao wa habari wa shule yetu pale Kibondo ulikuwa wangu. Mimi ni Swaumu, binti wa mzee Hilali mwenye duka la chumvi na sabuni, na mwaka huo wa 1997 nilikuwa darasa la sita. Wilaya ilijaa wakimbizi, na habari zilitoka kila upande. Wanafunzi wenzangu wawili walinisaidia: Nestori alileta matangazo ya kanisani, Anania alinakili ya zahanati, nami nilisikiliza redio dukani kwa baba. Kisha nilizichanganya zote, nikaondoa zilizojirudia, nikaziandika kwa chaki kwenye ubao mmoja ukutani, upande wa barabarani.

Tena niliandika vizuri, siwafichi! Ubao wangu haukuwa na habari iliyoandikwa mara mbili. Matangazo mengi ya kanisani yalibandikwa pia zahanati, kwa hiyo nilishazoea kusoma mstari wa kwanza tu. Ukifanana na mwingine, karatasi ya pili najifutia chaki mikononi, naisokomeza kwenye mkoba.

Ijumaa moja Anania alisimama mbele ya ubao, akausoma juu mpaka chini.

"Swaumu, karatasi yangu ya zahanati mbona haipo?"

"Hukuleta," nilimjibu.

"Nimekupa mkononi! Wewe!"

Mwalimu Melkiadi, aliyetupa kazi ile, alitusikia. Alimwambia Anania kwamba mvivu hafai kukusanya habari, akamwondoa kwenye kazi hiyo. Nilijua karatasi yake imo mkobani mwangu, lakini niliufunga mkoba, nikaingia darasani.

Saa nne, wakati wa mapumziko, alikuja mama Ininahazwe. Alikuwa amepoteana na binti yake walipokimbia vita Burundi, na kila siku alitembea kutoka kijiji cha Kumsenga kuja kwenye ubao. Hakujua kusoma.

"Mwakeye, mwana wanje," alinisalimu kwa Kirundi kama mtoto wake. "Nisomee."

Nilisoma kwa sauti: "Irakoze, msichana wa miaka saba. Anatafutwa na mama yake, Ininahazwe, anayekaa Kumsenga."

Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyo anayetafuta ni mimi, mwanangu, na mimi najijua. Hakuna aliyesema amemwona yeye?"

Nilikumbuka karatasi ya pili. Niliingiza mkono mkobani, nikaitoa karatasi ya Anania, imekunjamana na imejaa chaki. Mstari wa kwanza ulikuwa uleule: Irakoze, msichana wa miaka saba. Wa pili sikuwa nimeusoma: *Yuko zahanati, hana ndugu. Ijumaa saa tano lori litampeleka Kasulu kwenye kituo cha watoto.*

Ijumaa ndiyo leo! Ningeweza kusema nimeiokota mahali. Uongo huo ulinijia kabisa mdomoni. Lakini yule mama alikuwa ananitazama, na saa ilikuwa inakwenda. Nilikimbia hadi ofisini.

"Mwalimu, Anania hana kosa. Aliileta, mimi niliitupa mkobani, kisha nikadanganya. Mtoto wa huyu mama anaondoka sasa hivi!"

Mwalimu aliisoma karatasi mara moja tu. Akavuta baiskeli yake, akampakia mama Ininahazwe nyuma, wakashuka na barabara vumbi likitimka. Mimi nilimshika Anania mkono, tukawafuata mbio.

Tulipofika zahanati, lori lilikuwa linanguruma. Watoto watano walikaa juu, na msichana mmoja mwembamba alikuwa ameshikilia ubao wa pembeni wa lori. Mama Ininahazwe aliruka kutoka kwenye baiskeli ikiwa bado inakwenda.

"Irakoze we! Irakoze!"

Mtoto hakungoja kushushwa. Alijirusha, na mama yake akamdaka kifuani. Dereva mwenyewe alizima injini, akajifuta macho kwa kofia. Mimi nililia waziwazi, wala sikuona aibu.

"Nisamehe, Anania," nilisema.

"Nimekusamehe. Ila ukinisingizia tena, utanitambua," alijibu, akacheka.

Mwalimu alimwomba Anania radhi mbele ya darasa zima, akamrudishia kazi yake. Tangu siku hiyo kila habari iliandikwa imetoka wapi na siku gani, na karatasi zote zilitungikwa kwenye msumari kando ya ubao, ili yeyote aje ahakikishe. Walimu wa Kumsenga walipokuja kuuliza tunafanyaje, mwalimu aliwaonyesha kila kitu. "Nakilini," aliwaambia, "na mkiona kosa letu, tuambieni."

Jumatatu alinikabidhi chaki. Nilikuwa nimedhani nimefukuzwa kazi ya ubao, kumbe sivyo.

"Njia ya mwongo ni fupi, Swaumu, na wewe umeikatisha mwenyewe. Ndiyo maana kazi inabaki yako," alisema. "Lakini kumbuka, habari za watu ni amana. Usitupe neno kabla hujalisoma, maana huenda kuna mama anatembea kutoka Kumsenga kwa ajili ya neno hilo."

Nikapanda kwenye kiti. Kabla ya habari nyingine yoyote, juu kabisa, niliandika: *Ijumaa Anania alileta karatasi. Swaumu ndiye aliyeitupa.*