Gunia la Jamleck

Kwa maneno ya Mama Philister, mambo yalikwenda hivi. Alikuwa ameketi kwenye kibanda chake mkabala na lango la shule, akikatakata sukuma wiki, alipomwona Jamleck akitoka na gunia begani. Kijana hakumsalimu, na hiyo si kawaida yake. Alitembea upesi upesi kuelekea Barabara ya Waiyaki. Na gunia lile, haki ya Mungu, lilikuwa linatingishika!

"Lakini Mama, juzi hukusema linatingishika," Lornah alimkumbusha. Kila jioni alipotoka shule alipitia hapo kuchukua mboga za nyumbani, na hadithi hii hakuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

"Juzi nilikuwa na haraka," Mama Philister alimjibu bila kuinua macho. "Si wewe ndiye mwendesha mashtaka? Basi chukua hii ya leo."

Lornah akaichukua.

Sungura wa chama cha ukulima, aliyeitwa Malkia, alikuwa ametoweka. Ufunguo wa kizimba cha sungura ulikuwa kwa Jamleck, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshukiwa. Ijumaa angefikishwa mbele ya Mahakama ya Wanafunzi, na Lornah wa Gredi ya Sita angeongoza mashtaka. Mwalimu Kasyoka, mlezi wa mahakama hiyo, alikuwa ameahidi kwamba atakayeshinda kesi angeandamana naye hadi katikati ya jiji kuona mahakama halisi ikiendelea. Lornah alikuwa ameshaamua atakavyosuka nywele siku hiyo.

Alipoingia kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga pale Uthiru, Kui wa Gredi ya Tatu, mtoto wa nyumba ya pili, alimkimbilia.

"Lornah! Mimi nilimwona Malkia. Alipenya chini ya ua, kule nyuma ya vyoo. Jamleck alikuwa ameshaenda nyumbani!"

Lornah alisimama. Kama ni hivyo, kesi ilikuwa imekwisha hata kabla ya kuanza, na safari ya mjini nayo basi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi nyamaza. Ukihitajika utaitwa."

Ijumaa Kui aliketi mstari wa mbele, nywele zimechanwa vizuri na utepe mpya kichwani, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Aliyeitwa ni Mama Philister, naye alionyesha kwa mikono yote miwili jinsi lile gunia lilivyotingishika. Kisha Lornah akamgeukia Jamleck, kipaza sauti mkononi.

"Gunia lilikuwa na nini?"

"Samadi ya sungura. Mama ana bustani ya mboga. Wanachama wote tunaruhusiwa kuchukua."

"Samadi hutingishika?"

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Hakimu, mvulana mrefu wa Gredi ya Nane, alijitahidi asicheke, akashindwa. Jamleck alipatikana na hatia. Alinyang'anywa ufunguo, akakatazwa kukanyaga kwenye kizimba cha sungura.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Kitoweo. "Niaje, Kitoweo! Supu iliiva?" wavulana walimwita. Mwanzoni alipita kidevu juu kama hasikii. Baadaye akaanza kuzunguka nyuma ya madarasa ili asikutane na mtu.

Lornah aliyaona hayo. Aliona pia Kui akimtazama kila walipokutana, mpaka siku moja mtoto akauliza, "Mbona hukuniita? Nilikuwa nimevaa utepe."

Usiku huo Lornah alilirudia swali hilo kichwani. Kesho yake alimfuata Jamleck kwenye bomba la maji, akaangalia huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, "Jamleck, pole. Nilijua si wewe. Nisamehe."

Jamleck alifunga bomba.

"Ulinishtaki kwa kipaza sauti," alisema. "Sasa unaninong'onezea?"

Akaenda zake. Lornah alibaki pale hata kengele ilipolia. Halafu, badala ya kwenda darasani, akaelekea ofisini kwa Mwalimu Kasyoka akamweleza yote: gunia ambalo mwanzoni halikutingishika, na Kui aliyengoja bure.

"Kwa nini hukumwita shahidi huyo?" Mwalimu aliuliza.

"Ningeshindwa, Mwalimu."

Mwalimu Kasyoka aliagiza Kui aitwe. Wote watatu walikagua kizimba, wakakuta ubao wa chini umelegea, kisha wakaenda nyuma ya vyoo. Chini ya ua palikuwa na shimo, na kwenye waya manyoya meupe. Upande wa pili, mlinzi wa nyumba ya jirani alitokea akikumbatia katoni.

"Kumbe ni wenu! Nimeulizia ploti zote. Karoti zangu zote amemaliza huyu."

Malkia alichungulia kutoka kwenye katoni, mnene kuliko alivyoondoka.

Asubuhi iliyofuata, kwenye gwaride, Lornah alikiomba kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili.

"Jamleck hakuiba. Nilikuwa na shahidi aliyeona ukweli, nikamficha. Shahidi mwingine alikuwa akibadilisha maneno, na nilijua, nikayatumia. Kosa ni langu. Na jina lake si Kitoweo, ni Jamleck."

Hakuna aliyecheka. Hakimu alitangaza kwamba hukumu imefutwa, na Jamleck akarudishiwa ufunguo mbele ya wote. Lornah aliondolewa kazi ya mwendesha mashtaka.

"Mwendesha mashtaka hakuwekwa ili ashinde," Mwalimu Kasyoka aliwaambia wanafunzi. "Amewekwa ili ukweli wote ufike mbele ya hakimu, hata ule unaomwokoa mshtakiwa. Mkimpa mtu uwezo wa kuwashtaki wengine, naye lazima aulizwe anavyoutumia. Mimi pia nimekosea. Niliahidi zawadi kwa mshindi, kumbe nilikuwa nawafundisha kutafuta ushindi. Mjini tutakwenda darasa zima la Gredi ya Sita."

Hata Mama Philister alikuwa na lake. Jioni hiyo aliwaambia wateja kwamba yeye tangu mwanzo alijua yule kijana ni msafi.

Lornah hakusimama kumsikiliza. Aliweka mboga kwenye mkoba, akarudi ndani ya shule hadi kwenye kizimba cha sungura. Jamleck alikuwa amepiga magoti, akizoa samadi na kuitia guniani kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukihangaika na mdomo wa gunia uliokuwa ukijifunga.

"Mwalimu anasema msamaha ni wako, utautoa ukitaka," Lornah alisema, na safari hii hakunong'ona. "Sikuja kuudai. Nauliza tu, naweza kukushikia gunia?"

Jamleck aliendelea kuzoa. Lornah akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya sweta, akangoja.