Usimwite Mtu Arudi Nyumbani

Siku alipokutana na Emile Nakogee, Corinne Desbiens alikuwa anatafuta mlango wa kutorokea. Ukumbi wa uwanja wa ndege wa Timmins ulijaa watu wa kaskazini wakirudi makwao na maboksi ya nepi, matairi, televisheni na kuku wa kukaanga. Corinne alivaa koti la sufu la kahawia, skafu ya hariri shingoni, na viatu vya ngozi ambavyo visingemfikisha hata Oktoba. Ndege yenyewe alikwisha kuiona dirishani. Ilikuwa ndogo kuliko basi la shule.

"Samahani dada, umekalia nafasi ya kuku wangu," mtu alisema juu ya kichwa chake.

Alikuwa kijana mrefu, mabega mapana, nywele amezifunga nyuma, jaketi jeusi la timu ya magongo, maboksi matatu mikononi. Corinne alisimama akiomba radhi, naye akacheka na kuketi kando yake. Kabla hajajizuia, Corinne alikuwa amemwambia kwamba yeye ndiye mwalimu mpya wa darasa la tatu, na kwamba anaogopa ndege.

"Hata mimi naogopa," Emile alisema. "Ndiyo maana nabeba kuku. Rubani hawezi kuangusha kuku wa bibi yangu. Bibi atamfuata mpaka ahera."

Corinne alicheka mpaka machozi yakamtoka. Safari nzima aliung'ang'ania mkono wa lile jaketi, na walipotua katika kijiji cha Wakrii, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada, kwenye Ghuba ya James, vidole vilikuwa bado hapo. Wengine hupendana kwa macho. Hawa walianzia kwenye mkono wa jaketi.

Mwaka ule Corinne aliogopa kila kitu. Aliogopa mbwa, aliogopa baridi, aliogopa watu wanaoingia nyumbani mwake bila kubisha, wakakaa, wakanywa chai na kuondoka. Emile aliendesha gari la maji la kijiji, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya ile ya walimu. Taa zao zilitazamana. Hata hivyo walipigiana simu kila jioni kama watu waliotenganishwa na bahari.

"Mwalimu wangu, umesikia ukuta ulivyolia?"

"Nimesikia. Niko chini ya blanketi."

"Ni baridi tu inazinyonga mbao. Nije nikulinde?"

"Ukija, kesho darasa la tatu watanisomea taarifa kamili."

"Kesho? Watoto hawa? Watakusomea leo leo."

Bibi yake Emile, Philomene, ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga. Alimshonea Corinne glavu za ngozi iliyokaushwa kwa moshi, akampa bila neno, akaendelea na chai yake. Verna, binamu wa Emile aliyesimamia redio ya kijiji, alianza kumwita "wifi" mbele za watu, na Corinne hakukanusha.

Lakini Februari baba wa mwanafunzi wake mmoja alizama mtoni na pikipiki yake ya theluji. Corinne alimwona mtoto yule akirudi darasani, akakaa dawatini pake, akachonga penseli mpaka ikaisha. Usingizi ulimhama Corinne. Kila Emile alipovuka mto, yeye alihesabu kwamba amekwisha mpoteza. Basi dada yake alipompigia kutoka Sudbury kumwambia kuna nafasi shuleni kwao, alikubali papo hapo. Hakumwambia Emile. Emile alielezwa na muuza duka, mbele ya friji ya nyama, watu wakisikia.

"Ungeniambia mwenyewe," alimwambia jioni ile, amesimama mlangoni na buti zake.

"Niliogopa."

"Unaogopa ndege, unaogopa mto, sasa unaniogopa na mimi?"

"Naogopa kukuzika, Emile."

Emile alisema kwamba mtu aliye hai anaweza kuaga mwenyewe, akaondoka. Kesho yake shule ilifungwa kwa likizo ya bata bukini, na nusu ya kijiji ilivuka mto kwenda kambini kuwinda. Emile alikwenda na binamu yake Ambrose. Bibi Philomene alibaki mwaka ule kwa sababu ya kifua.

Baada ya hapo jua likawaka kuliko kawaida ya Aprili. Barafu ya mto ikageuka kijivu, kisha nyeusi pembezoni, na wazee wakasema mtu yeyote asivuke tena. Walio kambini wasubiri mto upasuke na kusafishika, wachukuliwe kwa mitumbwi. Kila jioni Corinne alikwenda kwa Verna kusikiliza redio ya upepo iliyounganisha kijiji na kambi, kambi zikiitwa moja moja. Kila jioni sauti ya Emile ilisema yale yale: "Kambi ya Nakogee, wote wazima, bata wapo." Hakumtaja. Hakumsalimu. Corinne alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba amechukiwa.

Laiti angeuliza. Angeambiwa kwamba redio ile husikika na kila kambi na kila jiko la pwani, na hakuna mwanamume wa huko atakayemwaga moyo wake mbele ya shangazi zake wote. Lakini mwenye hofu haulizi, hujijibu.

Jioni moja kambi zilikwisha kuitwa zote, na Verna akatoka nje kuvuta sigara. Corinne alikitazama kipaza sauti. Alikichukua, akabonyeza, akasema kwa sauti iliyokaribia kulia, "Emile. Emile Nakogee. Ni Corinne. Tafadhali rudi nyumbani."

Alisubiri. Hakuna aliyejibu. Redio yote, ambayo dakika iliyopita ilijaa vicheko na habari za bata, ilinyamaza kabisa. Kisha mwanamke mmoja katika kambi ya mbali akaanza kusali kwa Kikrii, taratibu, na mwingine akamwitikia.

Verna aliingia mbio, sigara bado mdomoni. "Umesema nini?"

"Nimemwomba arudi nyumbani tu. Nataka tuzungumze."

Verna aliitupa sigara. "Mwalimu, msiba hatuutaji redioni. Mtu akifiwa, anaambiwa rudi nyumbani. Basi. Haambiwi kingine. Na Emile anajua bibi anaumwa kifua."

Verna alikwisha kushika kipaza sauti, akiita kambi ya Nakogee kwa kupayuka, na aliyejibu alikuwa Ambrose.

"Ameondoka," Ambrose alisema. "Nimemshika, amenisukuma. Amechukua pikipiki ya theluji. Hakuvaa hata kofia. Verna, bibi amefariki saa ngapi?"

"Bibi mzima! Bibi anakula supu!"

"Mungu wangu," Ambrose alisema. Nyuma ya sauti yake ilisikika injini, mbali, ikizidi kufifia. Emile hakuwa na redio ya mkononi. Hakuna neno duniani lililoweza kumfikia tena mpaka afike mwenyewe, au asifike.

Corinne hakukumbuka alivyofika kwa bibi Philomene. Alipiga magoti mbele ya kiti chake na kumweleza yote, akitaraji kofi. Bibi aliweka bakuli la supu chini.

"Nipe kitambaa changu cha kichwa," alisema. "Kile cha maua."

"Bibi, kifua chako..."

"Mjukuu wangu anakimbilia maiti. Atavuka popote, hata penye maji, maana anayekwenda kumzika mtu hatazami miguu. Nitoeni anione."

Wakamtoa, Verna huku na Corinne huku, mpaka kwenye ukingo wa mto. Kijiji kizima kilikuwa kimekwisha shuka. Wanaume wawili, wajomba zake Emile, walikuwa wanasukuma mtumbwi juu ya barafu, mguu mmoja ndani na mmoja nje, wakiwa tayari kuruka ndani barafu ikikatika. Barafu ilikuwa inaguna. Corinne aliisikia katika meno yake.

Jua lilikuwa linashuka walipoiona nukta ng'ambo. Haikuwa na injini. Emile alikuwa anatembea, mti mrefu mwembamba wa kumzuia asizame mikononi, nguo nyeusi kwa maji. Pikipiki ilikwisha kwenda chini. Na hakuwa anatembea kwa kupapasa kama mtu mwenye akili zake. Alikuwa anakimbia, akianguka na kuinuka, akielekea moja kwa moja kwenye ukanda mweusi ulio karibu na ukingo.

Mwanamke mmoja pembeni alifunika macho yake.

Bibi Philomene aliiachia mikono yao. Alisimama peke yake, akavua kitambaa kile cha maua, akakipunga juu ya kichwa chake cheupe, mara moja, mara ya pili, kama anayefukuza nzi.

Emile alisimama.

Kwa muda mrefu alimtazama yule mwanamke mfu akimpungia. Kisha akapiga magoti, na wajomba zake walipomfokea alale, akalala kifudifudi juu ya mti wake na kutulia. Barafu ilipasuka hatua chache mbele yake, pale pale ambapo angekanyaga. Wajomba walimfikia na mtumbwi, wakamvuta ndani kwa ukosi.

Walipomleta jikoni kwa bibi, midomo yake ilikuwa ya buluu, na hakumwangalia Corinne kwanza. Alimshika bibi usoni kwa mikono miwili, akalia kama mtoto. Corinne alisimama karibu na mlango, akisubiri kufukuzwa.

"Ni kosa langu," alisema. "Sikujua maana yake. Nilikuwa nakuita mimi, kwa ajili yangu. Nimekaribia kukuua."

Emile aligeuka. Meno yalimgongana. "Ulikuwa unaniita kwa nini?"

"Nikuambie siendi Sudbury. Ningeogopa huku au ningeogopa kule. Kule ningeogopa bila wewe."

"Ungesema hivyo redioni."

"Mbele ya shangazi zako wote?"

Emile alianza kucheka, na kicheko kikageuka kutetemeka, na Corinne akavuka jiko akamkumbatia pamoja na blanketi, maji yakilowesha sweta lake mpaka kifuani. Hakumwachia. Aliuhisi moyo wa Emile ukidunda na hakuuamini bado.

Bibi Philomene alikuwa amerudia supu yake, ambayo ilikwisha poa. Aliwatazama hao wawili juu ya kijiko.

"Mwanamke anakuita neno moja, nawe unapita juu ya barafu ile," alimwambia mjukuu wake. "Sasa niambie, utamwoa huyu au utamwogopa?"

"Vyote viwili, bibi," Emile alisema.