Kola ya Darasa la Tatu

Cherehani ilikuwa haijaanza kulia, lakini Kwanini alikuwa amekwisha uliza maswali matatu.

"Mama, kwa nini pasi inapata moto upande mmoja tu? Kwa nini uzi mweusi hukatika upesi kuliko mweupe? Kwa nini wateja wote wanene hudai fundi kakosea kipimo?"

Mama yake hakujibu. Alikuwa na pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi, na ndiyo maana mama huyu alipenda sana kuwa nazo.

Binti huyu alikuwa na jina lake, lakini watu walikwisha lisahau. Tangu alipojua kusema walimwita Kwanini, akaitika. Alikuwa anakaribia miaka kumi na minane. Alisoma ufundi wa umeme. Pasi ya mama yake aliifungua mara mbili, redio ya jirani mara tano. Mara ya tano ikazungumza.

Waliishi na kufanya kazi katika chumba kimoja. Mbele cherehani, meza ya kukatia na kioo chenye ufa. Nyuma ya pazia, kitanda na sufuria. Ukutani kulikuwa na msumari mkubwa, na kwenye msumari vilining'inia vipande vya karatasi ngumu: umbo la kola, umbo la mfuko, umbo la kifuniko cha mfuko. Mama alilaza kipande juu ya kitambaa, akakizungushia chaki, kisha akakata. Mafundi huviita vielelezo. Vilikuwa vingi, vimechakaa kingo, vimejaa alama za chaki.

Siku hiyo Kwanini alirudi kutoka chuoni na fomu mkononi.

"Mama, ni fomu ya mtihani wa cheti. Wanataka namba ya kitambulisho. Namba yangu ipi?"

Mama akachukua pini nne, akazitia mdomoni.

"Mama."

"Mmh."

"Zitoe."

Mama alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mgongo kwa mashine.

"Huna namba, mwanangu. Mimi pia sina. Hukuzaliwa hapa. Nilikuja nawe mgongoni kutoka nchi ya pili. Ulikuwa na miaka miwili na meno ya kutosha kuniuma bega njia nzima. Kule kulikuwa hakukaliki. Nilisema tutapumzika hapa mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja umekuwa miaka kumi na mitano?"

"Miezi ya wakimbizi ni mirefu."

Kwanini aliitazama fomu, kisha akamtazama mama. Alikuwa na maswali mengi hata hakujua la kutanguliza. Ajabu, la kwanza kutoka halikuwa la hasira.

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa wapi?"

Mama alinyanyua mkono kuchukua pini. Binti akasogeza kimto cha pini mbali.

"Sijui kukujibu hilo," alisema mama. "Ila nimesikia stendi kuna mtu anatengeneza vyeti vya kuzaliwa. Safi, vina mhuri na kila kitu. Atakuandika umezaliwa mtaa huu huu."

Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao nyembamba. Upande wa pili, kwenye kibaraza, alikaa Fundi Viatu na nyundo yake. Nyundo ilikuwa imenyamaza muda mrefu. Kiatu kilikuwa mkononi, lakini sikio lilikuwa ukutani.

"Nasikia bila kusikiliza!" alisema kwa sauti. "Cheti cha kughushi ni jela, jirani!"

"Na sikio refu ni ugonjwa!" alijibu mama.

Wakati huo huo mteja akaingia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba wa mafaili, anafanya kazi katika ofisi ya msaada wa sheria. Mtaa mzima ulimwita Mama Muhuri, kwa sababu hakuamini karatasi yoyote mpaka auone mhuri wake. Hata risiti ya sukari aliigeuza nyuma.

"Hii sketi imenikataa kiunoni," alisema. "Ama imesinyaa kwa kufuliwa, ama mimi nimeendelea."

"Umeendelea," alisema mama, akashika tepu.

Kwanini hakungoja. "Mama Muhuri, mtu akiletwa nchini akiwa mtoto, bila karatasi, akakulia hapa, anafukuzwa?"

Mama alimkonyeza mpaka jicho likachoka. Binti hakuona, au alijifanya.

Mama Muhuri aliweka sketi chini. Aliufunga mlango. "Mficha uchi hazai," alisema. "Semeni. Mtakayoniambia hayatoki kwangu. Ya ukutani siwezi kuyazuia."

"Mimi siko!" alisema Fundi Viatu kutoka nje.

Wakamweleza yote. Alisikiliza bila kukatisha neno, kisha akavuta kiti.

"Kwanza, msinunue cheti. Leo mna tatizo la kukosa karatasi. Mkinunua, mtakuwa na tatizo la kusema uongo, na hilo halina dawa ofisini kwetu. Pili, ipo sheria. Ni ya juzi juzi. Aliyeletwa kabla ya kutimiza miaka saba, akaishi hapa miaka kumi mfululizo, anaweza kuomba kibali cha kukaa. Lakini aombe kabla hajafika miaka kumi na minane. Wewe unafika lini?"

"Baada ya wiki tatu," alisema Kwanini.

"Basi tuna wiki tatu."

Mlango ulifunguka. Fundi Viatu aliingia na kiatu kimoja mkononi. Uvumilivu wa ukutani ulikuwa umemshinda.

"Samahani, lakini na mimi niseme. Huyu mtoto nampenda, redio yangu inaimba kwa ajili yake. Lakini sheria ni sheria. Mimi kitambulisho nilikipangia foleni siku tatu, juani. Wengine wanaingia kwa mlango wa nyuma, halafu wanapewa kiti. Na wahenga walisema, mkataa kwao mtumwa."

"Kwao wapi, mzee?" aliuliza Kwanini. Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kweli. "Nikirudishwa, nitashukia wapi? Sijui hata njia ya kwenda msalani."

"Utauliza. Kuuliza unajua."

Hapo hata mama alicheka. Kisha mzee akainua kile kiatu.

"Tazama. Mtu akiiba kiatu akampa mwanawe, mtoto hana kosa. Lakini kiatu bado si chake."

Kwanini alikichukua kile kiatu, akakigeuza, akatazama ndani.

"Na mguu uliokulia ndani yake, mzee? Umeshachukua umbo la kiatu hiki. Ukikivua, mguu utaupeleka wapi?"

Fundi Viatu alichukua kiatu chake, akakitazama kama kimemsaliti.

"Msione haya kubishana," alisema Mama Muhuri. "Waliotunga sheria walibishana mwaka mzima. Wengine walisema kama wewe mzee: tukifungua mlango, watakuja wengi, na waliopanga foleni wataonekana wajinga. Wengine walisema kama Kwanini: mtoto wa mgongoni hachagui njia, na nchi iliyomsomesha ikimtupa inajipa hasara. Mwishowe wakaweka masharti. Kwa hiyo hakuna anayepewa kwa huruma. Lazima aonyeshe alikuwa hapa, mwaka kwa mwaka. Kadi ya kliniki, ripoti za shule, chochote chenye tarehe na mhuri. Mnavyo?"

Binti alimgeukia mama yake.

"Mama," alisema Kwanini, "ripoti zangu za shule ziko wapi?"

"Hazipo."

"Ulizichoma?"

"Karatasi ya mtoto haichomwi! Ni kama kumchoma mwenyewe."

"Basi ulizitupa?"

"Fundi hatupi kitu."

Kwanini aliona macho ya mama yakiruka haraka hadi ukutani, kisha yakarudi. Yeye aliyekwisha fungua pasi na redio alijua kufuata waya mpaka mwisho wake. Aliyafuata yale macho. Yaliishia kwenye msumari.

Alivishusha vielelezo vyote mezani. Akachukua kimoja cha kola, akapangusa chaki. Chini ya chaki kulikuwa na maandishi: *Hisabati 81. Tabia: nzuri, ila anauliza mno.*

"Hii ni darasa la tatu!" alipiga kelele. "Nimevaliwa shingoni na mtaa mzima!"

Mama alijifunika uso kwa upindo wa nguo. "Niliogopa. Kila ripoti iliandikwa 'mzaliwa wa nje'. Nilisema wakija kupekua, wakute vipande vya fundi, wasikute mtoto wa mtu. Nikazikata. Zilikuwa karatasi ngumu, nzuri. Karatasi iliyokatwa imekufa, nilijua hivyo."

Walipanga vipande kama watu wanaopanga vigae vya chungu. Darasa la kwanza lilikuwa mfuko wa shati. La tano lilikuwa vifuniko viwili vya mfuko. Kadi ya kliniki, yenye tarehe za chanjo za mtoto wa miaka miwili, ilikuwa imegawanyika: nusu kola, nusu mkanda.

"Nilete gundi," alisema mama, amechangamka ghafla. "Au nizipige mshono. Kwa uzi mweupe, hawataona hata alama."

"Usiguse!" Mama Muhuri alirukia meza. "Usiunge, usijazie herufi, usifute hata chaki. Ukitengeneza, watasema umeghushi. Karatasi hizi hazijafa. Kila moja ina namba, na kila namba ina daftari lake. Shule ina daftari. Kliniki ina daftari. Kipande chako kinatuambia tu tubishe hodi mlango upi."

Alikuwa hajawahi kuona mama wa mtu akitazama mkasi wake kwa uchungu namna ile. Akaongeza kwa upole: "Na wewe, mama, una hofu yako."

"Nikienda naye, watanikamata?"

"Sitakuahidi nisichokijua. Sheria hii ni ya watoto, siyo yako. Lako litakuwa faili la peke yake. Lakini njoo ofisini kwanza, tukae, nikueleze kila ukurasa kabla hujaweka sahihi popote. Ushauri ni bure. Anayekwambia utoe kitu ujue ametoka stendi."

Mama alimtazama binti yake. Kisha akasogeza kimto cha pini mbali, mwenyewe.

"Tutakuja kesho."

Wiki ile walizunguka. Mtunza daftari wa kliniki alipuliza vumbi, akafunua, akapita kwa kidole: namba ile ile, chanjo ya surua, mtoto wa kike. Pembeni muuguzi aliandika *amemuuma muuguzi*. Shuleni walipata miaka yote, isipokuwa mmoja ambao mchwa walikuwa wameusoma kabla yao.

"Mwaka huo tunahitaji shahidi," alisema Mama Muhuri. "Mtu mwenye kitambulisho, aliyemfahamu, atakayeandika barua na kuisaini."

Fundi Viatu alikuwa akipiga msumari kwenye kisigino. Walisimama mbele yake. Aliendelea kupiga hata baada ya msumari kuingia wote.

"Mimi mawazo yangu hayajabadilika," alisema mwishoni. "Mlango uwe mlango. Lakini hapa sikuulizwa mawazo. Nimeulizwa kama mwaka ule alikuwepo. Mwaka ule alimwaga gundi yangu yote, akaniuliza kwa nini inanuka. Siwezi kusema hakuwepo. Leteni kalamu."

Siku ya mahojiano, ofisa wa uhamiaji alimwaga vipande mezani. Aliinua kola ya darasa la tatu, akaitazama kwenye mwanga.

"Mama, kwa nini ulizikata?"

Mama hakuwa na pini. Mikono yake ilitafuta, haikupata kitu. Ikabidi ajibu.

"Kwa woga. Nilikata ili wasimwone. Sasa nimezileta ili mmwone."

Ofisa aliandika kitu kirefu. Alilinganisha kila kipande na nakala zenye mhuri kutoka kliniki na shuleni. Vilikaa kama kitambaa kwenye kielelezo chake. Ombi likapokelewa, zikiwa zimebaki siku nne.

Jibu lilichukua miezi miwili. Kwanini alipewa kibali cha kukaa, kusoma na kufanya kazi, cha kuhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Mama alipewa karatasi ya kusubiri: anakaa wakati faili lake linachunguzwa. Kwanini aliisoma mara mbili.

"Mbona yangu ni kibali, na yako ni kusubiri? Si tulikuja pamoja?"

"Hilo ndilo swali la ombi la pili," alisema Mama Muhuri. "Litunze. Tutaliandika vizuri."

Kwenye fomu ya chuo Kwanini aliandika namba ya kibali, na mtihani wa cheti ukafanyika. Alifaulu, na chuo kilimpa cheti chenye jina lake lote, lile lililosahauliwa. Kilikuwa cha karatasi nene, ngumu, yenye kung'aa. Mama alikishika kwa vidole viwili. Akakipima unene. Akakikunja kidogo pembeni kuona kama kinarudi. Mkono wa pili ukaanza kusogea taratibu kuelekea kwenye mkasi.

"Mama!"

"Jirani!" Fundi Viatu alipiga kelele kupitia ukutani, bila hata kuona.

"Nilikuwa natazama tu," alisema mama. "Kingefaa sana kwa kola."

Akakitundika kwenye msumari, mbele ya vielelezo vyote, maandishi yakiangalia mlango. Kila mteja aliyeingia kupimwa ilibidi akisome kwanza, atake asitake.