Gari Lizime Thuci

Nokia ilitetemeka mfukoni mwa ovaroli.

"Mzigo uko kwako," alisema Thuranira, mkuu wa operesheni. "Mzigo huo ukifika Nchiru, Jumamosi soko la Meru linalipuliwa. Gari lizime Thuci, mbali na watu. Vijana wangu wako darajani."

"Sawa."

Karambu alikata simu.

Mwaka mzima alikuwa jasusi aliyejifanya fundi wa nozeli, vinyunyizio vya mafuta vya injini za dizeli, pale Runyenjes. Mwaka mzima alimchunguza dereva mmoja, na dereva huyo akawa mchumba wake.

Dereva huyo, Kiogora wa Kibirichia, alikuwa ameegesha Peugeot 504 ya dizeli, imejaa magunia ya ndengu. Chini ya ndengu, baruti. Injini ilikuwa ikikohoa moshi mweusi. Alitaka nozeli zisafishwe na chujio la mafuta libadilishwe. Akampa Karambu chujio jipya, bado limo kwenye boksi lake.

Runyenjes hakuna anayemwachia fundi gari. Mwenyewe huketi juu ya tairi bovu, macho kwenye spana, asije akafungiwa kipuri kikuukuu. Hata padri huketi.

Kiogora hakuketi.

Alitania kwamba hajaona mume anayemchunga mke wake kama mwizi, na kwamba Jumapili wazee wake wangefika kwa kina Karambu na mbuzi wa posa. Akaenda kunywa chai.

Karambu alifungua nozeli zote nne. Akazisugua kwa brashi ya shaba, akaziosha kwa dizeli safi, akaijaribu kila moja kwenye pampu ya mkono. Zilitoa ukungu mwembamba, bila kudondosha tone. Kazi ya nozeli hakuweza kumharibia.

Kisha akarudisha chujio lile lile la zamani, lililojaa matope. Jipya akalificha.

Bolti ya mwisho aliikaza akilia.

Kwenye mteremko injini ingeenda vizuri. Kwenye mlima ingekosa mafuta.

Kiogora alirudi, akawasha, akasikiliza. "Mama watoto, umeifufua."

Akaondoka akipiga honi.

Karambu alimfuata kwa pikipiki yake ya Yamaha, bastola ya Browning ndani ya jaketi. Peugeot iliteremka hadi mto Thuci, ikavuka daraja, ikaanza kupanda.

Ikapunguza mwendo.

Ikazima.

Wanaume wanne walitoka kichakani. Hakuna risasi iliyofyatuliwa. Baruti ilikuwepo, kilo sitini.

Kiogora alikuwa na pingu alipomwona Karambu akishuka kwenye pikipiki, akisalimiwa kwa cheo. Hakukana chochote. Alijua alichobeba, na alijua kingelipuka wapi.

"Nilikuachia gari," alisema. "Ni wewe tu."

"Najua."

"Ulinipenda, Karambu?"

"Bado nakupenda."

"Basi niombe msamaha. Mara moja tu, nikaende nao jela."

Karambu alifunga zipu ya jaketi, akatembea taratibu hadi kwenye Yamaha. Alipoikalia ndipo alipojibu, bila kugeuka.

"Siombi, Kiogora. Leo siombi, na hata ukifungwa maisha, siombi."