Blanketi la Mjomba Wendelin

Kila akitoka shule, Gaudiosa huvua sare na viatu, hula kiporo chake, kisha humsaidia Mjomba Wendelin kugeuza kahawa iliyoanikwa kwenye chanja. Mjomba ana miaka thelathini na minne, lakini akili yake ni ya mtoto wa miaka sita. Hupiga soga na kuku. Radi ikipiga, hujificha chini ya kitanda akilia. Pale kijijini Mpepai watoto humzomea hadi anakimbilia ndani, na hakuna anayemwamkia. Aibu iliyoje!

Mwalimu Dafrosa aliwaagiza wanafunzi waandike hadithi. Itakayoshinda ingesomwa Siku ya Wazazi, na Gaudiosa aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona. Akaandika kuhusu siku ya mvua, Mjomba alipofunika kahawa kwa blanketi lake. Akamwandika akiropoka, akidondosha udenda, akigaagaa matopeni. Alipoisoma darasani, wenzake walivunjika mbavu. Elias, bingwa wa kuzomea, alicheka kupita wote. Hadithi ikashinda.

Mjomba akapata habari. "Gaudi, nimo kwenye hadithi?"

"Umo, Mjomba."

Basi akafua shati lake jeupe la Krismasi, akalianika, akakaa karibu yake kufukuza kuku wasilichafue. Gaudiosa alipomwona, roho ilimuuma. Jamani, mtu anafua shati ili akachekwe!

Akaandika hadithi nyingine, akaipeleka kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Ile ya kwanza niliitia uongo. Mjomba hadondoshi udenda, wala hakugaagaa. Nilitaka wacheke."

"Marahaba. Umefanya vema kusema." Mwalimu, ambaye mwenyewe huandika riwaya wakati wa likizo, aliisoma hiyo mpya, akaguna. "Umeandika 'maskini' mara tisa. Unaniamuru nimwonee huruma. Mimi kwenye riwaya zangu simwamuru msomaji. Namwonyesha mtu huyo anapenda nini na anaogopa nini, basi. Kwa nini mjomba wako alifunika kahawa kwa blanketi?"

Gaudiosa hakuwahi kumuuliza.

Jioni akamuuliza.

"Turubai halikufika mwisho," Mjomba alisema. "Kahawa ikioza, haiuzwi, Gaudi hana viatu."

"Na radi je?"

"Ilipiga. Nililia. Lakini nilishika blanketi."

Siku ya Wazazi Gaudiosa alisoma hayo tu: kitanda, radi, turubai fupi, viatu vya shule, mtu anayelia huku ameshika blanketi. Hakusema 'maskini' hata mara moja. Hakuna aliyecheka. Elias aliinamisha kichwa.

Mjomba akasimama na shati lake jeupe. "Ni mimi huyo!" alipaza sauti. "Na viatu vile pale!"

Watu wote wakatazama miguu ya Gaudiosa, naye machozi yakamtoka.

Mwalimu Dafrosa akasimama mbele ya wanafunzi. "Wanangu, kumchekesha mtu kwa kumsingizia mwenzake ni kazi rahisi. Kumjua mwenzako kunataka umuulize na umsikilize. Anayeandika asimwongezee mtu uongo, na sisi tunaoishi naye tusimwongezee vilevile."

Jioni ile Elias alifika kwenye chanja. Alisimama kidogo, akakohoa.

"Shikamoo, Mjomba."

Wendelin aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeamkiwa. Hakukuwa na mtu mwingine. Akafunga kifungo cha juu cha shati lake, kisha akajibu polepole, "Marahaba, mwanangu."